Methodi ndefu: kata pale jina linapopatikana

Madevelopa wakikaa pamoja muda wa kutosha, lazima atokee mtu wa kuuliza methodi, yaani kipande cha kodi chenye jina kinachoitwa kufanya kazi fulani, iwe na mistari mingapi. Majibu yapo ya kila aina, mmoja atakwambia 5, mwingine 20, mwingine atasema isizidi skrini moja, na yule aliyekaa kwenye timu miaka mingi atanyamaza kwa sababu anajua huu mjadala hauna mwisho. Mi naona swali lenyewe ndo limekaa vibaya. Nimeshasoma methodi ya mistari 90 ikanyooka mpaka chini bila kunirudisha nyuma hata mara moja, na nimeshasoma ya mistari 12 nikatoka mtupu, sijui imefanya nini wala kwa nini.

Kipimo ninachotumia ni hiki: hiki kipande nikikitoa nje, nina jina la kukipa? Jina la kweli, lisilodanganya, ambalo mwenzangu akilisoma hatahitaji kufungua ndani ndo aelewe. Kama jina lipo, kata. Kama halipo, basi ama unakata pasipokatika, ama bado hujaelewa kodi inafanya nini, na kwa vyovyote vile ukikata utakuwa umeongeza shida juu ya shida.

Tena hata hao walioweka namba hawakuziweka kibubusa. Mwongozo wa uandishi wa kodi wa Linux unasema funksheni (hapa ichukue sawa na methodi) iwe fupi, ienee kwenye skrini moja au mbili, na skrini yenyewe wanamaanisha ile ya zamani ya herufi 80 kwa mistari 24. Wengi wanaishia kunukuu hapo. Lakini endelea kusoma, mwongozo huohuo unasema urefu unaoruhusiwa upungue kadiri ugumu unavyopanda na kadiri kodi inavyozidi kuingia ndani ndani, na kwamba kama funksheni ni nyepesi kimawazo, ni `case` moja ndefu tu, yaani orodha ya chaguo, inayofanya vitu vidogo vidogo kwa hali nyingi tofauti, basi ruksa kuwa ndefu. Halafu wanaleta kipimo ambacho mi nakipenda kuliko cha mistari: variabo za ndani, yale majina yanayobeba thamani ndani ya funksheni, zisizidi 5 mpaka 10, zikizidi hapo kuna kitu hakiko sawa, kwa sababu kichwa cha binadamu kinafuatilia vitu kama 7 hivi bila taabu, vikizidi kinaanza kuchanganya. Yaani kinachochosha ni vitu unavyotakiwa kuvishika kichwani wakati unasoma, mistari inakuja nyuma ya hapo.

Thomas McCabe naye mwaka 1976 alileta kipimo cha kuhesabu njia zinazopita ndani ya funksheni, kila `if` na kila lupu (sehemu inayojirudia) inaongeza moja, akapendekeza 10 kama kikomo. Kipimo hicho mpaka leo kimo kwenye vifaa vingi vya kukagua kodi, na kinasaidia kweli, maana methodi yenye njia 40 ukitaka kuitesti yote utazeeka nayo. Tatizo linaanza pale timu inapokigeuza kuwa geti, kodi isipopita haiingii. Hapo ndo utaanza kuona `shughulikia`, halafu `shughulikia2`, halafu `shughulikiaSehemuYaMwisho`. Mtu amekata ili kifaa kinyamaze, basi. Iliyokuwa methodi moja ndefu sasa ni tatu, na bado unalazimika kuzisoma zote tatu kwa mpangilio uleule ndo uelewe, tofauti ni kwamba saivi zimetawanyika kwenye faili. Funika kombe mwanaharamu apite.

Twende kwenye kodi yenyewe. Chukua methodi ya kupokea faili la watumiaji: mtu anapakia orodha, mfumo unasoma mstari mmoja mmoja, unasafisha, unaamua nani aingie, unahifadhi kwenye databesi, mwisho unatuma barua pepe ya kukaribisha. Kazi ya kawaida kabisa, mifumo mingi inayo. Na mara nyingi yote hiyo imesukumwa ndani ya methodi moja inayoitwa `shughulikia`, mistari kama 300, na huko katikati unakutana na hiki, kwa lugha ya Java:

```
for (String m : mistari) {
    String[] s = m.split(",");
    if (s.length > 3 && s[2].contains("@")
            && (s[3].trim().equals("H")
                || (s[3].trim().equals("S") && !s[1].isBlank()))) {
        // mistari 60 mingine inafuata
    }
}
```

Mtu mwenye haraka atachagua hiyo `if` yote, ataitoa na kuiita `niHalali(s)`, na kwa macho itaonekana safi. Shida ni kwamba hilo jina halijasema kitu. Halali kivipi? Kwa nani? Ukijilazimisha kuandika jina linalosema ukweli wote utajikuta na kitu kama `mstariUmekamilikaNaMtuAnaruhusiwaKuingia`, na hapo hiyo `Na` ya katikati inakupigia kelele. Humo ndani kuna maswali mawili. La kwanza linahusu faili: safu zinatosha, na hiyo barua pepe angalau inafanana na barua pepe? La pili linahusu sheria za mfumo: huyu mtu, kwa hali aliyonayo, anatakiwa aingie? La kwanza litabadilika siku anayetuma faili akibadilisha muundo wake, la pili litabadilika siku wenye mfumo wakibadilisha sheria zao. Watu tofauti, siku tofauti, sababu tofauti, kwa hiyo na methodi ziwe tofauti:

```
if (mstariUmekamilika(s) && anaruhusiwaKuingia(s)) {
```

Sasa ingia ndani ya hiyo ya pili. H ni akaunti iliyo hai, S ni iliyosimamishwa, na `s[1]` ni jina la msimamizi wa huyo mtu. Vipe majina navyo:

```
boolean anaruhusiwaKuingia(String[] s) {
    return akauntiIkoHai(s)
        || (amesimamishwa(s) && anaMsimamizi(s));
}
```

Hebu isome kwa sauti. Akaunti iko hai, au amesimamishwa lakini ana msimamizi. Eeh? Yaani mtu amesimamishwa halafu anaingizwa kwenye mfumo na kutumiwa barua ya karibu sana, kisa kuna jina limeandikwa kwenye safu ya msimamizi? Labda iko sawa, labda wakati ule waliamua kwamba aliyesimamishwa akiwa na mtu wa kumsimamia anaruhusiwa kuingia kusoma tu, inawezekana kabisa. Labda ni bagi, kosa la programu, la miaka mingi. Kodi haiwezi kukujibu hilo, ila kabla ya kutoa majina hata swali lenyewe hukuwa nalo, ilikuwa `s[3]` na `"S"` na `isBlank` na jicho linateleza juu yake kwa sababu hamna pa kushika. Ukishaipa majina, hata mtu asiyejua Java, yule anayezijua sheria za kazi yenyewe, unamsomea huo mstari mmoja anakujibu palepale.

Hiyo faida mi naiweka juu ya usafi, juu ya urembo, juu ya yote. Watu wanaongelea kodi safi kana kwamba tunapanga maua. Kodi yenye majina inakusuta, ile isiyo na majina inakaa kimya na makosa yake.

Na ukigundua kweli ni bagi, usiirekebishe muda huohuo. Najua vidole vinawasha. Lakini maana ya kurefakta tangu mwanzo ni kubadilisha umbo la kodi bila kugusa inachokifanya. William Opdyke alipoandika tasnifu yake ya udaktari kule Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1992, hoja ilikuwa hiyohiyo, mabadiliko ambayo programu ikishayapitia inabaki na tabia yake ileile. Baadaye John Brant na Don Roberts wakatengeneza kifaa cha kuyafanya kwa lugha ya Smalltalk, na mwaka 1999 Martin Fowler akayakusanya na kuyapa majina ambayo tunayatumia mpaka leo, likiwemo hili la kutoa methodi. Sasa wewe ukichanganya kukata na kurekebisha kwenye komiti moja, yaani furushi moja la mabadiliko unaloliingiza kwenye git, kesho kitu kikilia hutajua kimelia kwa sababu ya mkato au kwa sababu ya marekebisho, na anayekufanyia rivyuu, anayeikagua kodi yako kabla haijaingia, naye hatajua, ataandika "iko poa" na kupita. Komiti ya kukata peke yake, komiti ya bagi peke yake. Ya pili itakuwa mstari mmoja na kila mtu atauona.

Mishono ya kukatia huwa ipo wazi kuliko tunavyofikiri. Angalia komenti. Kwenye methodi ndefu kuna tabia ya kuweka vichwa vidogo, `// safisha barua pepe`, chini yake mistari 8, nafasi moja tupu, `// angalia kama yupo tayari`, mistari 15, nafasi tupu. Aliyeandika alishajua kwamba hivi ni vipande tofauti, akavipa na majina kabisa, alichobakiza ni kuyahamisha majina kutoka kwenye komenti yaende kwenye kodi. `safishaBaruaPepe`, imeisha. Komenti inaweza kuzeeka ikabaki inasema kitu ambacho hakipo tena na hakuna atakayelalamika, jina la methodi angalau kila anayeiita analiona. Sisemi ufute komenti zote, zile zinazoeleza kwa nini, kwamba mfumo fulani wa nje ukituma tarehe tupu unamaanisha leo, hizo ziache hapohapo, hakuna jina litakaloweza kubeba hayo.

Pia angalia variabo zinaanzia wapi na kufia wapi. Kama kipande kinazaa variabo 4, kinazitumia humohumo na hakuna hata moja inayoonekana chini yake, hicho kinatoka bila kulia. Kinyume chake ni kipande ambacho ukijaribu kukitoa kinadai parameta 7, vitu vya kupokea kutoka nje, na kinataka kurudisha vitu viwili, na kwenye Java methodi inarudisha kitu kimoja tu, kwa hiyo editori inaanza kukuuliza maswali. Wengi hapo wanalazimisha, wanapitisha orodha tupu ili ijazwe huko ndani, au wanapandisha variabo iwe ya klasi nzima ili kila methodi iifikie. Hilo la pili tafadhali usifanye. Parameta zimepungua kweli, lakini umezificha tu, sasa methodi zako zinaongea kwa chini chini na ukizibadilishia mpangilio zinavunjika bila kompaila kusema lolote. Parameta 7 ni dalili kwamba kuna kitu kinachotakiwa kuzaliwa. Kwenye mfano wetu ni huo mstari wenyewe: `s[1]`, `s[2]`, `s[3]` zinazunguka kila mahali wakati zingekuwa `mstari.msimamizi()`, `mstari.baruaPepe()`, `mstari.hali()`. Java tangu toleo la 16 ina `record`, unaandika mstari mmoja umemaliza. Ukishakuwa nayo, ukirudi kukata utashangaa vipande vilivyokuwa vinagoma vinatoka vyenyewe.

Sasa majina. Watu wanapoteza nusu saa kutafuta jina kamili kabla ya kukata, halafu wanachoka wanaacha. Usianze na jina kamili. Toa kipande, kiite `xxx` hata, kwenye editori ya IntelliJ ni Ctrl+Alt+M, kwenye Eclipse ni Alt+Shift+M, kisha soma kilichobaki kule juu na kilichomo ndani, jina litakuja lenyewe, likija unabadilisha kwa Shift+F6 au F2 kama uko VS Code, editori inabadilisha kila mahali. Jina la kwanza huwa linasema kodi inafanyaje, `pitiaHerufiUondoeNafasi`. La pili linasema inafanya nini, `safishaBaruaPepe`. Wakati mwingine linakuja la tatu linalosema kwa ajili ya nini, `andaaKwaKulinganisha`, na hilo ndo bora zaidi kama ndo ukweli wenyewe, maana linamwambia msomaji kwamba kilichosafishwa hapa ni cha kulinganishia na sicho kitakachohifadhiwa.

Majina ninayoyaogopa ni yale ya upole. `angaliaMtumiaji`. Inaonekana inaangalia tu, lakini ukifungua ndani unakuta isipomkuta mtumiaji inamuumba, inamhifadhi, na kwa bahati mbaya inaandika na kwenye logi ya malipo. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Mtu anakuja miezi baadaye, anataka kujua kama mtumiaji yupo, anaiita hiyo methodi kwenye ukurasa wa kutafuta, na kila herufi inayoandikwa kwenye kisanduku inazalisha mtumiaji mpya. Bertrand Meyer, aliyetengeneza lugha ya Eiffel, alikuwa na kanuni yake kwamba methodi ama ijibu swali ama ibadilishe kitu, isifanye yote mawili. Huwezi kuifuata asilimia mia, ila kama unaivunja basi jina likiri: `mtafuteAuMuumbe`. Ni baya kidogo kimuonekano lakini halidanganyi.

Tuseme umekata, umepanga, na methodi ya juu imebaki hivi:

```
void pakiaWatumiaji(Faili faili) {
    List<Mstari> mistari = soma(faili);
    List<Mtumiaji> wanaoingia = chujaWanaoruhusiwa(mistari);
    hifadhi(wanaoingia);
    wakaribishe(wanaoingia);
}
```

Nzuri. Unaisoma kwa pumzi moja, kila mstari uko kwenye ngazi moja na mwenzake, hakuna pahala unatoka kwenye `hifadhi` unadondokea kwenye kuhesabu herufi za mwisho za kamba ya maandishi. Kuna watu wakifika hapa wanapiga picha wanatuma kwenye grupu.

Lakini ngoja kwanza. Kodi ya zamani ilikuwa na lupu moja: soma mstari, chuja, hifadhi, tuma barua, nenda mstari unaofuata. Hii mpya ina hatua nne, kila hatua inamaliza orodha nzima ndo inayofuata inaanza. Faili lina mistari 1,000 na databesi ikakataa kwenye mstari wa 500. Zamani, watu 499 wa mwanzo, wale walioruhusiwa, wangekuwa wamehifadhiwa na barua wamepata. Saivi wamehifadhiwa, barua hawajapata hata mmoja, na ukirudia kupakia faili, ile sehemu ya kuangalia kama yupo tayari itawaruka, kwa hiyo hawatazipata milele. Hujabadilisha hata sharti moja la `if`, lakini tabia ya programu imebadilika. Hiyo siyo refakta tena. Inaweza kuwa mabadiliko mazuri, pengine unataka yote yahifadhiwe kwa pamoja au yasihifadhiwe kabisa, lakini huo ni uamuzi, unajadiliwa na unaandikiwa komiti yake, hauingizwi kimyakimya kwa jina la kusafisha. Kama hujapata ruhusa, iache lupu pale juu na ukate vilivyomo ndani:

```
for (Mstari mstari : soma(faili)) {
    if (!anaruhusiwaKuingia(mstari)) continue;
    Mtumiaji mtumiaji = hifadhi(mstari);
    mkaribishe(mtumiaji);
}
```

Haipendezi kama ile ya kwanza. Ila, mradi `soma` iwe inairuka mistari isiyokamilika, inafanya kilekile kilichokuwa kinafanyika jana, na kwa mtu anayerefakta kodi inayotumika na watu hicho ndo cha kwanza. (Usomaji wenyewe nao uwe wa mstari mmoja mmoja kama zamani, faili likiwa kubwa ukilimeza lote kwenye memori umebadilisha kitu kingine tena.)

Ndiyo maana testi zinatangulia. Na methodi ndefu za namna hii kwa kawaida hazina testi, kwa sababu zimeandikwa kwa namna ambayo haitestiki, unakuta mtu anasema nitaandika testi nikishaikata, na mwingine anasema nitaikata nikishaandika testi, wote wawili wamekaa. Njia ya kutokea ni kuacha kutafuta testi nzuri. Chukua mafaili ya aina aina, yenye mistari mibovu, yenye nafasi, yenye S bila msimamizi, yapitishe kwenye kodi ya zamani, hifadhi kilichotoka, watumiaji gani waliingia na barua gani zilitumwa kwa mpangilio gani. Hutathmini kama ni sahihi, unarekodi tu kilichopo. Michael Feathers aliielezea vizuri mbinu hii kwenye kitabu chake cha mwaka 2004. Kisha kila ukikata kipande kimoja, pitisha tena, linganisha. Kikitofautiana hata herufi moja, rudisha. Vipande vidogo, kulinganisha mara nyingi, unaonekana unachelewa lakini hukai jioni nzima unatafuta ni mkato upi kati ya 20 uliovunja.

Kuna hoja ambazo lazima mtu atazileta kwenye rivyuu, nizipitie.

Ya kwanza, eti methodi hii inaitwa mara moja tu, ya nini kuitoa. Wazo hili lina historia. Enzi za kompyuta ya EDSAC pale Cambridge, mwaka 1949 na kuendelea, David Wheeler na wenzake walikuwa wanajenga maktaba ya vipande vya programu ili kazi iliyoandikwa mara moja itumike tena na tena, na tangu hapo vichwani mwetu kutoa kipande kumeunganishwa na kutumia tena. Sababu nzuri ile, lakini siyo pekee. `anaruhusiwaKuingia` inaitwa sehemu moja kwenye mfumo mzima, na ndiyo iliyotupa lile swali la waliosimamishwa.

Ya pili ni ya kasi, na hii naipita haraka. Kwenye Java, JVM ya HotSpot, yaani mashine inayoendesha programu zake, yenyewe inazimeza methodi ndogo ndani ya zile zinazoziita, zile za chini ya baiti 35 za baitikodi (kodi ya kati ambayo JVM inaisoma) inazimeza kirahisi, na zinazoitwa sana inaziruhusu hadi baiti 325 kwa kawaida. Kinachochekesha ni upande wa pili: methodi inayozidi baiti 8,000 HotSpot kwa mipangilio yake ya kawaida haiikompaili kabisa, haiigeuzi kuwa lugha ya mashine, inabaki inatafsiriwa pole pole maisha yake yote. Kwa hiyo anayeacha methodi iwe dubwana kwa ajili ya kasi anaweza kuwa ndo anaiua. Kwenye lugha kama Python kuita funksheni kuna gharama yake inayoonekana, lakini pima kwanza ndo uje tuongee.

Ya tatu ndo nzito, na mi naiheshimu. Kuruka ruka. Unafungua methodi, inaita nyingine, ile inaita nyingine, unafika ya sita umeshasahau ulikuwa unatafuta nini. John Carmack, mtengenezaji wa magemu, mwaka 2007 aliandikia wenzake waraka akitetea kodi iliyoachwa ndefu kwenye sehemu moja, kwa hoja kwamba kwenye programu ambayo hali yake inabadilika badilika, kuona mpangilio mzima wa matukio mbele yako kunakuepusha na bagi zinazotokana na methodi kuitwa mahali ambapo hazikutarajiwa. Yuko sahihi kwa kodi ya aina hiyo. Na ukiangalia vizuri, dawa anayoikubali yeye mwenyewe ni methodi isiyogusa kitu cha nje, inayopokea vitu na kurudisha jibu, hiyo haina ubaya ukiitoa. `safishaBaruaPepe` unaweza kuiita popote, saa yoyote, mara mia, hakuna kitakachoharibika. `wakaribishe` siyo hivyo. Kwa hiyo mi huwa natoa kwanza zile zinazojibu tu, kwa wingi, bila huruma, na zile zinazofanya vitu naziacha zikae pamoja kule juu zionekane kwa mpangilio wake.

Na kuruka kwenyewe mara nyingi ni majina mabovu yamekuleta. Ukiona msomaji anafungua kila methodi anayokutana nayo, maana yake haamini majina, na kama haamini basi rudisha kodi ndani ilikotoka. Kurudisha nayo ni refakta halali, IntelliJ ina Ctrl+Alt+N kwa kazi hiyo, na mi naitumia kila mara nikirithi kodi ya mtu aliyekatakata mistari miwili miwili. Nairudisha yote iwe dubwana, naisoma, ndo naanza kukata upya pale majina yanapojitokeza.

Kwa mwenzako anayefanya rivyuu, mwambie atumie `git diff --color-moved`, mistari iliyohamishwa tu inapata rangi yake na iliyobadilishwa kweli inajitokeza, vinginevyo ataona ukuta wa nyekundu na kijani akate tamaa. Na wale wanaolalamika kwamba ukirefakta unapoteza historia ya nani aliandika nini, `git blame -w -M` inafuatilia mistari iliyohamia sehemu nyingine ndani ya faili hata kama nafasi za mwanzo zimebadilika, na ukiweka `-C` inafuata hata iliyotoka kwenye faili jingine lililoguswa na komiti hiyohiyo.

Ile ya mistari 300 siyo lazima uimalize. Umetumwa kurekebisha sehemu ya barua pepe, toa sehemu ya barua pepe, ipe jina, irekebishe, ondoka. Kama kuna sehemu haijaguswa miaka 4 na inafanya kazi, majina utakayoipa leo utayabuni tu, kwa sababu hakuna tatizo linalokulazimisha uielewe. Subiri bagi ikupeleke huko.